Mashine Inanijua kwa Dagaa

Kila Julai mosi benki yangu hunitumia ujumbe wa heri ya kuzaliwa. Sikuzaliwa Julai mosi. Nilizaliwa mvua za vuli zikinyesha, mwaka ambao marehemu mama aliutaja kwa mafuriko tu, na siku nilipoandikishwa karani akachagua tarehe iliyomkaa vizuri mkononi. Wenzangu wa rika hili wengi tuna tarehe za namna hiyo kwenye vitambulisho. Ingekuwa kweli, wakunga wa enzi zile wangestahili nishani kwa kazi ya siku moja. Lakini mashine ya benki haina shaka hata chembe. "Furahia siku yako maalumu," inaniambia, jina langu imelipatia mpaka la babu, na chini yake imeniwekea kiungo cha kuomba mkopo wa kufanyia sherehe.

Hii ndiyo akili mnemba tunayoimbiwa kwenye kila kongamano la mabenki, ile ambayo inakuja kumjua mteja kuliko anavyojijua mwenyewe. Sawa. Ngojeni niwaelezeni tunavyoishi nayo sisi wateja wa kawaida.

Tuanze na tawi. Tawi langu limekarabatiwa. Palipokuwa na foleni pamewekwa makochi, mtambo wa maji ya baridi na binti mwenye kishikwambi. Madirisha ya kuweka na kutoa fedha yamepunguzwa mpaka yamebaki mawili, na moja kati ya hayo lina kibao cha "Limefungwa" ambacho kwa vumbi lake nadhani kilitangulia jengo lenyewe. Ukiingia tu, binti anakuwahi.

"Shikamoo baba. Nikusaidie nini?"

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kubadilisha namba ya simu kwenye akaunti yangu."

"Hiyo baba siku hizi unafanya mwenyewe kwenye simu, hata ukiwa umejilaza."

"Simu ndiyo iliyoniambia nije tawini."

"Basi itakuwa mtandao. Jaribu tena ukifika nyumbani."

Nikafika nyumbani, nikajilaza kama nilivyoelekezwa, nikajaribu. Programu ikasema ili nibadilishe namba ya simu, kwanza niingize tarakimu za uthibitisho zilizotumwa kwenye namba yangu. Namba ipi? Ile ya zamani, iliyopotea pamoja na simu kwenye daladala la Mbagala. Kwa hiyo ili benki iamini kwamba simu imeibwa, inabidi kwanza nimwombe mwizi anisomee ujumbe.

Nikamgeukia msaidizi wa kidijitali. Benki nyingi siku hizi zina msaidizi wa aina hii, roboti ya kuchati yenye jina zuri la kike na picha ya msichana anayetabasamu. Haichoki, hailali, na haina likizo ya uzazi. Shida ni kwamba Kiswahili chake ni cha kitabuni, na mimi nalalamika kwa Kiswahili cha mtaani. Siku ATM iliponikata fedha bila kutoa noti, niliandika: "Mashine imekula hela yangu." Msaidizi akafikiri kidogo, zile nukta tatu zikachezacheza, kisha akajibu: "Asante kwa kuwasiliana nasi! Ukilipa kwa kadi kwenye migahawa teule utapata punguzo." Nikaandika tena kwa herufi kubwa. Akaniuliza kama ningependa kujua salio. Salio ndilo lililoliwa, dada!

Nisije nikaonekana mzee wa kupinga kila kitu. Nayakumbuka mambo yalivyokuwa. Mwalimu wa kijijini alikuwa anasafiri kutwa nzima kwenda mjini kufuata mshahara, analala gesti, anarudi na nusu yake. Ukitaka kumpelekea mama fedha, unaziweka kwenye bahasha, unampa kondakta wa basi, halafu unafunga na kuomba. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 na kuingia kwetu Tanzania mwaka 2008, bahasha zile zilikwisha, na makondakta wakarudi kwenye shughuli yao ya halali ya kuzidisha nauli. Benki, ambayo ilikuwa jengo lenye askari mwenye bunduki, ikahamia chini ya mwamvuli. Kwetu kona ya Buza kijana mmoja anakaa kwenye stuli na simu nne mezani, ni wakala wa mitandao yote na wa mabenki mawili, na pembeni anauza vocha, karanga na chaja. Huyo ndiye meneja wangu wa tawi. Akisema "sina floti", uchumi wa mtaa mzima unasimama hadi jioni.

Ni chini ya mwamvuli huo huo nilimpeleka mama watoto kufungua akaunti, maana siku hizi hakuna fomu wala picha za pasipoti: namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA na kidole tu, dakika tano umekwisha. Lakini mama watoto amefua, amemenya mihogo na kusugua masufuria maisha yake yote, na mashine ikasema kidole hicho haikijui. "Mama, pangusa na kanga," akasema kijana. Akapangusa. "Paka mafuta kidogo." Mafuta yakaletwa kutoka kwa muuza chipsi. "Leta cha shahada. Leta cha mkono wa kushoto." Mwisho kijana akakishika kidole gumba, akakipulizia pumzi kama anayesafisha miwani, akakibana kwenye kioo kwa nguvu zake zote. Bado. Mtu ambaye ushahidi wa kazi zake uko mikononi ananyimwa akaunti kwa sababu kazi hizo hizo zimefuta ushahidi. Mimi kidole changu kilisoma mara moja, safi kabisa, na mama watoto hajaacha kunitajia jambo hilo.

Halafu kuna makato. Nchi hii ndiyo iliyozaa msemo wa "tuma na ya kutolea", na hakuna mtaalamu wa fedha duniani atakayeelewa maumivu yaliyomo ndani yake. Shemeji akiomba elfu ishirini, anaomba elfu ishirini na ya kutolea, na usipoiweka utaitwa mchoyo kwenye vikao vya ukoo. Julai 2021 serikali ikaongeza tozo ya miamala juu yake, watu wakapiga kelele mpaka ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba, na baadaye ikaendelea kukatwakatwa. Kwa muda fulani pale mtaani watu walirudia bahasha. Nilimwona kondakta mmoja akitabasamu.

Sasa tuje kwenye mikopo, maana hapo ndipo mashine ilipovaa koti la umeneja. Zamani ukitaka mkopo ulikuwa unapeleka barua ya mwajiri, barua ya serikali ya mtaa, hati ya nyumba na wadhamini wawili, na mmoja wa wadhamini lazima asafiri ghafla. Kisha Novemba 2012 Wakenya wakaletewa M-Shwari, mkopo unaoombwa kwa simu na kuingia kwa simu, na mwaka 2014 sisi tukapata M-Pawa. Hakuna barua wala mdhamini. Mashine inaangalia tu umetumia simu kwa muda gani, unanunua vocha kiasi gani, unatuma na kupokea fedha namna gani, na ukikopa kidogo unarudisha lini. Inapiga hesabu zake, na kabla hujaiweka simu mezani umeshaingiziwa, au umeshakataliwa.

Watu wengi ambao hakuna benki iliyokuwa tayari kuwatazama usoni walipata mtaji kwa njia hiyo. Nalikubali. Lakini bei yake tuitazame pia. M-Shwari ilianza kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Inasikika ndogo, nzuri hata. Sasa ukikopa hivyo kila mwezi mwaka mzima, kama wafanyavyo wengi, zidisha mara kumi na mbili: asilimia 90. Meneja wa zamani angekutajia riba hiyo uso kwa uso, mngeitiana polisi. Simu inakutajia kwa herufi ndogo na alama ya tiki ya kijani, na wewe unasema asante.

Baada ya hizo zikaja programu za mikopo zisizo na benki nyuma yake. Hizi zinataka kuangalia kila kitu kwenye simu: ujumbe, mahali ulipo, na orodha ya watu. Baadhi ya wakubwa wa mikopo ya simu wamewahi kueleza hadharani kwamba mtu anayehifadhi majina kwa ukamilifu, jina la kwanza na la ukoo, huwa mlipaji mzuri kuliko wengine. Niliposoma hayo nilifungua orodha yangu. Nikakuta Fundi Bomba, Mama Mkaa, Yule wa Kiwanja, Bajaji Mpya, Babu Kahawa, Usipokee, na Usipokee Pia. Kwa kipimo hicho mimi ni jambazi. Lakini niambieni, Babu Kahawa jina lake la ukoo ni lipi? Mtaa mzima haulijui, na mtaa mzima anaukopesha kahawa bila mashine yoyote, na ananijua nilivyo kwenye kulipa.

Uzuri wa orodha hizo niliuona siku nilipopokea ujumbe huu, nanukuu kwa uchungu: "Habari MZEE BAHILI. Mtu wako wa karibu amekopa na anakwepa kulipa. Mwambie alipe kabla ya saa sita, la sivyo tutasambaza picha yake." Mtu wangu wa karibu alikuwa jirani, ukuta kwa ukuta. Alikopa kwenye programu moja ya hovyo, alipochelewa siku mbili wakaivamia orodha yake yote na kumwandikia kila mtu, kila mmoja kwa jina lile lile alilohifadhiwa nalo. Mwenyekiti wa mtaa aliandikiwa "Habari MWENYEKITI MDOMO". Mama mkwe wake aliandikiwa jina ambalo siwezi kulichapa kwenye gazeti linalosomwa na familia. Deni alilipa ndani ya wiki, kwa kuuza redio. Ukwe bado unajadiliwa.

Watu wanayaita mambo haya mikopo ya kausha damu, na Benki Kuu iliposikia kilio hicho ilitoa orodha, Novemba 2024, ya majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Kenya nao walikwishabadilisha sheria mwaka 2021 na kutunga kanuni mwaka 2022 ili wakopeshaji wa kidijitali wasajiliwe na waache kudhalilisha watu. Vizuri. Ila programu moja ikifungiwa leo, kesho inaamka na jina jipya na rangi nyingine, na bado inalo jina la mama mkwe.

Nirudi kwenye mabenki yenye leseni, maana na wao wana yao. Benki sasa zinatumia akili mnemba kukamata wizi. Mashine inajifunza mazoea yako: unatumia kiasi gani, wapi, saa ngapi. Likitokea jambo lisilofanana na wewe, inazuia kwanza, maswali baadaye. Wazo zuri, na wezi wa kweli wanakamatwa hivyo. Lakini sikia yaliyonikuta mimi.

Sikukuu ilikuwa inakaribia, nikaenda mnada wa Pugu na shemeji kununua mbuzi. Tukapapasa, tukabishana, tukapatana kwa laki moja na themanini. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kisasa, nikamwambia muuzaji nitalipa kwa simu kutoka benki. Nikaingiza lipa namba, nikaingiza namba ya siri, nikabonyeza. Jibu: "Muamala wako umezuiwa kwa usalama wako." Nikarudia. Akaunti yote ikafungwa.

Nikapiga huduma kwa wateja. Kwa Kiswahili nikabonyeza moja, kwa huduma za kadi nikabonyeza mbili, nikasikiliza muziki wa zumari mpaka kamba ya mbuzi ikaniachia alama mkononi. Mwisho akapokea binadamu.

"Baba, huo muamala umefanya wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, mwanangu. Nipo hapa na mbuzi."

"Mfumo unaonyesha siyo tabia yako, baba."

"Tabia yangu ni ipi?"

Nikasikia kibodi ikigongwa. "Huwa unalipia umeme, vocha, na… kuna duka unanunua dagaa."

Jamani! Kwa hiyo mashine imenisoma miaka yote hiyo, ikapiga hesabu zake zote za kisayansi, ikafikia uamuzi kwamba mtu huyu ni wa dagaa, na akionekana na mbuzi basi mbuzi ameibiwa. Nikamwomba binti anifungulie. Akasema hana uwezo huo, mfumo utajifungua wenyewe ndani ya saa 24. Muuzaji, mzee wa Kigogo aliyekuwa akifuatilia mazungumzo kwa makini, akaifungua kamba mkononi mwangu taratibu. "Ndugu yangu," akasema, "huyu anakula majani, hali mtandao." Shemeji akatoa noti mfukoni, akalipa. Kwenye kila msiba na kila harusi tangu hapo shemeji huyo hutafuta nafasi ya kusimulia jinsi alivyoniokoa na benki yangu.

Wakati huo matapeli nao hawajalala. Mnaukumbuka ule ujumbe wao wa zamani: "ile hela nitumie kwenye namba hii," bila salamu, bila nukta, na herufi zimerukwa ovyo? Ukiuona tu unacheka unaufuta. Siku hizi unanifikia umeandikwa Kiswahili fasaha, na aya zake, na "Ndugu Mteja Mpendwa", na unanitaja kwa jina. Wamepata msaidizi wa kidijitali anayejua sarufi. Ujumbe wa benki yangu ndio unaokuja na maneno yamegandana. Imefika mahali natambua ujumbe halali kwa makosa yake.

Lakini kero zote hizo ningezimeza. Inayonikaa kooni ni moja. Meneja wa zamani wa tawi langu, mtu wa tai fupi, aliwahi kuninyima mkopo. Aliniita ofisini, akavua miwani, akaniambia mshahara hautoshi na nyumba niliyoileta kama dhamana haina hati. Nilimkasirikia, nikamwambia maneno, akanijibu maneno. Nikatoka nikajua tatizo langu ni hati, nikaifuatilia, nikarudi, nikapewa. Juzi mashine nayo ikaninyima. "Samahani, kwa sasa hustahili. Jaribu tena baadaye." Baadaye lini? Nirekebishe nini? Ni Fundi Bomba? Ni yule mbuzi? Nimuulize nani? Binti wa kishikwambi anasema ni mfumo. Meneja mpya, kijana mstaarabu sana, anasema hata yeye mfumo haumwelezi. Benki imeajiri bosi asiyejulikana anakaa wapi, halafu wafanyakazi wake wote wanamwogopa.

Msikubali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa Mtanzania haki ya kudai kwamba uamuzi mzito unaomhusu usiachiwe mashine peke yake, na Wakenya wanayo haki kama hiyo kwenye sheria yao ya mwaka 2019. Maneno hayo yamelala kwenye makaratasi kwa sababu sisi tukikataliwa na simu tunaona aibu, tunaizima, tunakwenda kukopa kwa Babu Kahawa.

Kwa hiyo ndugu msomaji, programu ya mikopo ikiomba kuona orodha ya watu wako, kataa. Kabla ya kukopa, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Ile hela usiitume kwenye namba ile, hata ikiombwa kwa Kiswahili cha Chuo Kikuu. Na benki ikikunyima au ikikufungia akaunti, nenda tawini, kaa kwenye yale makochi yao, kunywa maji yao ya baridi, uulize sababu kwa maandishi, na usiinuke mpaka ijibiwe na mtu mwenye jina.